Fisi wanane, vizibo ishirini na alama ya dola

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba mnivumilie kwa urefu. Majuzi msomaji mmoja alilalamika hapa kwamba kijana akiwekwa mbele ya kompyuta anachokijua ni michezo tu. Wiki iliyofuata ukurasa wenu wa teknolojia ukamjibu kwa orodha ya programu za kielimu ambazo mzazi anaweza kumpakulia mwanawe. Mimi ni mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Siku nzima nashinda na nondo, saruji na mabati, na sina ugomvi na msomaji yule wala na mwandishi wenu. Lakini wote wawili wamezungumzia vitu vinavyokuja vikiwa tayari. Kompyuta yoyote, hata iliyochoka, ina lahajedwali ndani yake au inaweza kuwekewa bure, na lahajedwali, yaani ukurasa wa safu na mistari unaojifanyia hesabu, ni tupu mpaka wewe mwenyewe ulijaze. Langu nimelijaza mapanga, fisi na wachawi, kwa ajili ya mchezo wa kusimulia hadithi tunaoucheza nyumbani. Nieleze kwanza lilivyo, halafu nitaleta ombi langu.

Mchezo wenyewe haumo kwenye kompyuta. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: ndiye anayesema mko wapi, mnaona nini, nani anatokea kichakani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi, nguvu kiasi gani, wepesi kiasi gani, uhai kiasi gani. Unasema unachotaka kufanya, na pakiwa na shaka kama utafanikiwa, dadu inaamua. Ulianzia Marekani. Dave Arneson alikuwa akiwaendeshea wenzake huko Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaungana na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 ukatoka mchezo wa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 za mwanzo. Nyuma yao kulikuwa na michezo ya vita ya mezani, na nyuma zaidi, mwaka 1824, Reisswitz wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, alikuwa amewatungia maofisa wa jeshi mchezo wa ramani, dadu na majedwali ya hasara. Vile vijitabu vya 1974 navyo vilijaa majedwali: daraja la mpiganaji huku, kinga ya adui kule, katikati namba unayopaswa kuipata. Kwa hiyo wanaonicheka kwamba nimeleta ofisi kibarazani waelewe kuwa ofisi ilikuwamo tangu mwanzo.

Kwangu wanakuja Jumamosi jioni. Kuna mpwa wangu wa kidato cha tatu na rafiki zake wawili, binti wa jirani anayesoma chuo, na mdogo wangu wa kiume ambaye ni fundi pikipiki. Msimulizi ni mimi. Kanuni tunazozitumia hatukuziiba. Januari 2023, baada ya wachezaji kuchachamaa kuhusu mabadiliko ya leseni, kampuni inayoumiliki mchezo iliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzitafsiri na hata kuziuza alimradi ataje zilikotoka. Mtu akitaka kesho kuzichapa kwa Kiswahili, hana wa kumwomba ruhusa.

Dadu za pande ishirini hazipo madukani kwetu. Tunatumia vizibo vya soda vilivyoandikwa 1 hadi 20, vimo kwenye mfuko wa kitambaa. Unachomoa kimoja, unasoma kwa sauti, unakirudisha, unatikisa. Hakuna cha kuona haya hapo. Mwaka 1979 kampuni ya TSR, wenye mchezo enzi hizo, iliishiwa dadu, ikawa inaweka vipande vya karatasi vyenye namba ndani ya masanduku iliyokuwa inauza.

Hadithi ikiwa ya kutembea, kuuliza njia na kupatana bei na mvuvi, hesabu hazisumbui. Taabu inaanza mtu akichomoa upanga. Hapo kanuni zinaugawa muda katika mizunguko, kila mzunguko ni sekunde sita za hadithi, na ndani ya mzunguko kila aliyepo ana zamu yake. Kila pigo lina kizibo cha kuchomoa, nyongeza ya kujumlisha, kinga ya kulinganisha, kisha majeraha ya kutoa kwenye uhai. Aliyeanguka hayupo sawa na aliyesimama. Mwenye sumu mwilini anachomoa mara mbili na kuchukua namba ndogo. Uchawi wa dakika moja lazima uishe baada ya mizunguko kumi, na lazima mtu akumbuke ulianza lini. Mizunguko mitano ni nusu dakika ya hadithi, na kabla ya jedwali nusu dakika hiyo ilikuwa inakula saa nzima ya kibarazani, nyingi ikipita kwenye swali la "zamu ya nani?" na "fisi yule ana ngapi?" Rafiki mmoja wa mpwa wangu alikuwa anaanza kuchezea simu. Mchezo ukifikia hapo umekufa, hata kama hakuna mhusika aliyekufa.

Nilianza na zamu. Kila mhusika ana namba ya wepesi, na kutokana nayo anapata nyongeza ya kujumlisha kwenye kizibo cha zamu: toa 10, gawanya kwa 2, shusha. Mwenye 14 anapata 2, mwenye 10 au 11 hapati kitu, mwenye 9 anapunguziwa 1. Fomula ni =INT((B2-10)/2), B2 ikiwa kisanduku chenye wepesi wake na INT ikiwa amri ya kushusha hadi namba kamili. Mpwa wangu alitaka tutumie ROUNDDOWN kwa sababu jina lake linasema kushusha. Nikamwambia ajaribu zote mbili kwa mtu mwenye wepesi 9. Ile ya INT ilitoa hasi 1, ile nyingine ikatoa sifuri, maana ROUNDDOWN inakata kuelekea sifuri, na kwa namba hasi kuelekea sifuri ni kupanda. Alikaa akiitazama ile nusu hasi kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akilitazama daftari la hesabu.

Kupanga zamu kutoka kubwa hadi ndogo kunafanywa na LARGE, ambayo unaiomba namba ya kwanza kwa ukubwa, ya pili, ya tatu, halafu MATCH inatafuta ni ya nani. Ugumu ni pale wawili wanapolingana, kwa sababu MATCH itamtaja wa kwanza mara mbili na wa pili hatapata zamu kabisa. Dawa yake ni kujumlisha wepesi uliogawanywa kwa 100: aliyepata 17 na wepesi wake ni 14 anakuwa 17.14, mwenzake mwenye 12 anakuwa 17.12. Fisi wote wanachomolewa kizibo kimoja na kwenda kwa pamoja, ndivyo kanuni zinavyotaka kwa wanyama wa aina moja.

Sasa uhai. Hapa naomba mhasibu aachiwe uwanja.

Mtu asiyeshika vitabu vya fedha angetengeneza safu ya uhai kamili, safu ya majeraha, na safu ya tofauti. Inafanya kazi mpaka siku mtu anapotibiwa. Mdogo wangu ana mpiganaji mwenye uhai 12. Tuseme ameng'atwa mpaka majeraha yamefika 20. Kwa kanuni za mchezo hayupo kwenye hasi 8. Yupo kwenye sifuri, amelala chini. Mwenzake akimponya kwa 5, anaamka na 5. Lakini ukijumlisha majeraha yote na tiba zote mwishoni, 12 toa 20 ongeza 5 ni hasi 3, na hata ukiikata kwenye sifuri, mtu wako bado kalala wakati dawa imekwisha kutumika. Vilevile kwa juu: ukimtibu mwenye uhai 11 kwa 5 hafiki 16, anaishia 12. Kwa hiyo sakafu na dari lazima viwekwe baada ya kila tukio, si baada ya jumla.

Nikafanya ninavyofanya dukani, nikafungua daftari la matukio. Karatasi moja ya lahajedwali, kila tukio mstari wake. Safu A ni mzunguko, safu B ni aliyeguswa, safu C ni kiasi, hasi kwa jeraha na chanya kwa tiba. Kuanzia safu D kila mhusika ana safu yake: jina juu kabisa kwenye mstari wa 1, uhai kamili mstari wa 2, uhai wa kuanzia pambano mstari wa 3. Kisha kwenye D4 unaandika hivi:

=MIN(D$2, MAX(0, D3+IF($B4=D$1, $C4, 0)))

Inasema: chukua salio la mstari uliopita, kama jina la tukio ni la mwenye safu hii, ongeza kiasi, lisishuke chini ya sifuri, lisizidi uhai wake kamili. Alama ya dola inazuia kitu kisitembee unaponakili. $B4 inaruhusiwa kushuka mistari lakini haitoki safu B. D$1 inaruhusiwa kwenda kulia kwa wahusika wengine lakini haitoki mstari wa 1. Unaiandika mara moja, unaivuta kulia mpaka fisi wa mwisho, unaivuta chini mpaka mstari wa 100, kazi imekwisha. Mstari usio na tukio unabeba salio la juu yake bila kulibadilisha, kwa hiyo mstari wa 100 siku zote ndio hali ya sasa, na ukurasa wa pambano unausoma huo tu.

Uzuri wake uliniridhisha kuliko nilivyotarajia, na nimefunga hesabu za mwaka mara nyingi. Binti wa jirani ndiye mchawi wa kundi. Ana tabia ya kukumbuka mambo yakishapita: "Subirini, Dada, niliweka ngao!" Kanuni inamtaka aseme palepale anapopigwa, lakini kibaraza si mahakama. Zamani tungerudi nyuma tukibishana nani alikuwa na ngapi. Sasa napanda mpaka kwenye mstari wa tukio lile, nafuta hasi 5, naandika 0, na kila kilicho chini yake kinajirekebisha, mpaka kama kuna aliyekuwa amelala anaamka. Wazo hilo ndilo hasa la lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo. Dan Bricklin, alipokuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, alimwona mwalimu akifuta na kuandika upya namba ubaoni kwa sababu moja tu imebadilika, akatamani ubao unaojirekebisha wenyewe. Mwaka 1979 yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc kwa ajili ya Apple II. Ni mwaka uleule TSR walipokuwa wanaweka vipande vya karatasi badala ya dadu.

Kuna ukurasa mwingine ambao wachezaji hawauoni. Naufungua Ijumaa usiku, kupima kama pambano la kesho litawaua. Chukua fisi. Kwenye kanuni fisi wa kawaida si kitu: kinga 11, uhai 5, anang'ata kwa nyongeza 2, na jeraha lake ni dadu moja ya pande sita, wastani 3.5. Mpiganaji wa mdogo wangu kavaa deraya la minyororo, kinga yake 16. Ili afikie 16 pamoja na ile nyongeza ya 2, fisi anahitaji 14 au zaidi kwenye kizibo, yaani namba saba kati ya ishirini, asilimia 35. Mtu anacheka.

Halafu unasoma mstari wa chini: fisi wanawinda kwa kundi. Mwenzake akiwa karibu na anayeng'atwa, fisi anachomoa mara mbili na kuchukua kubwa. Fomula yake ni fupi, =1-(1-E2)^2, ukiwa umeweka 0.35 kwenye E2. Jibu ni 0.5775. Tunacheza kwenye karatasi ya miraba, na mraba mmoja unazungukwa na miraba minane, kwa hiyo fisi wanane wanaweza kumng'ata mtu mmoja kwa pamoja. Bila tabia ya kundi, wanane hao wangemtoa wastani wa uhai 9.8 kwa mzunguko, angebaki amesimama. Kwa tabia ya kundi ni 16 na kidogo, bila hata kuhesabu 20 kavu ambayo inazidisha dadu za jeraha. Uhai wake ni 12. Sekunde sita, kalala.

Nilikuwa nimepanga wanane. Nikawagawa: watatu watangulie, watano waje mzunguko wa tatu baada ya kusikia kelele. Watatu ni uhai 6 hivi kwa mzunguko, na hiyo inamtisha mtu bila kumaliza jioni yake. Jumamosi ilipofika, mdogo wangu hakusubiri hata wale watano. Tulikuwa kwenye hadithi ya mashine ya kusaga iliyotelekezwa chini ya milima ya Uluguru. Alipoona watatu wa kwanza, akasema anarudi nyuma mpaka kwenye pembe ya kuta mbili na kukaa hapo. Ukihesabu miraba, aliyejibana kwenye pembe anafikiwa na watatu tu, hata waje hamsini. Jedwali langu halikuwa na safu ya ukuta. Nilifurahi sana, ingawa ilibidi nijikaze uso.

Watu wa kompyuta wataniuliza kwa nini vizibo viendelee, wakati lahajedwali lina RANDBETWEEN(1,20), inayotoa namba ya bahati nasibu kati ya 1 na 20. Kuna sababu ya kiufundi na ya kibinadamu. Ya kiufundi ni kwamba namba hiyo haitulii. Ukiandika chochote mahali popote kwenye jedwali, namba zote za bahati nasibu zinachomolewa upya. Fisi aliyekuwa na zamu ya 17 anajikuta kwenye 4 kwa sababu tu umeandika jeraha la mtu mwingine. Zipo njia: unakili na kubandika thamani peke yake, au kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ninayoitumia, kuanzia toleo la 7.0 utumie RANDBETWEEN.NV, ambayo haibadiliki kila unapoandika. Lakini sababu ya kibinadamu ndiyo iliyofunga mjadala. Mara ya kwanza nilipowaonyesha namba ya kompyuta, mpwa wangu alisema, "Mama mdogo, hiyo mashine yako inawapendelea fisi." Kizibo hakuna anayekituhumu. Anayeshambuliwa ndiye anayewachomolea fisi kwa mkono wake mwenyewe, na akichomoa 20 anajilaumu mwenyewe mbele ya wote, kwa kelele. Kwa hiyo kompyuta yetu haichomoi na haiamui. Inajumlisha, inatoa, inakumbuka.

Kukumbuka nako kuna mambo yake. Mchawi anayeshikilia uchawi kwa kutuliza akili akijeruhiwa lazima achomoe kuona kama umemponyoka, na kiwango cha kufikia ni 10 au nusu ya jeraha, kilicho kikubwa. Hiyo ni =MAX(10, INT(C4/2)), ukiandika jeraha bila alama ya hasi. Ukiitazama unagundua kitu ambacho kusoma kanuni hakukuonyeshi haraka: mpaka jeraha la 21 jibu ni 10 tu, kwa hiyo kwa mchawi wetu mwenye uhai 8 hesabu hiyo haina kazi kabisa. Niliitoa. Uchawi wa dakika moja nauandikia mzunguko utakaoishia, wa sasa ongeza 10, na jina lake linageuka kijivu muda ukipita. Anayebakiwa na nusu ya uhai au chini anageuka mwekundu. Kioo nakielekeza kwangu, ila baadaye nilikubali wachezaji wazione rangi za fisi bila kuziona namba. Mtu anayepigana na mnyama anaona kuwa amechoka; haoni kuwa amebakiwa na 2.

Kuna programu za mtandaoni zinazofanya haya yote na zaidi, na picha juu. Roll20 ipo tangu 2012. Kwa wenzetu walio mbalimbali, mmoja Muscat na mmoja London, hakuna njia bora. Kwetu sisi tunaotazamana mezani zinataka bando, zinataka kila mtu awe na kifaa, na maandishi yake ni ya Kiingereza. Laptop yangu ni ya zamani, ina LibreOffice isiyolipiwa, na safu zake zinasema Zamu, Kinga, Uhai, Hali. Umeme ukikatika betri inatosha kumaliza pambano, na taa ya chemli inaongeza hofu ya fisi.

Kuhusu uchawi niseme mara moja, maana jirani mmoja alipita barabarani akasikia "mchawi amebakiwa na uhai 3" akarudi kuuliza kwa heshima zote kinachoendelea. Nilimkaribisha, akakaa, akachomoa vizibo viwili vya fisi, akaondoka akisema ni sawa na hadithi za bibi ila zina hesabu. Marekani nao walipitia hofu hiyo miaka ya 1980, mpaka kikaundwa chama cha kuupinga mchezo huu. Mwenye wasiwasi aje akae.

Dada yangu, mama yake mpwa wangu, ni mweka hazina wa vikoba vyao. Alikuja kumchukua mwanawe akakuta daftari la matukio wazi kwenye kioo. Hakuuliza lolote kuhusu fisi. Aliuliza kama badala ya majina ya wanyama wanaweza kukaa wanachama. Mtoto ndiye aliyemtengenezea, si mimi. Akaishusha sakafu kutoka sifuri mpaka ukomo wa mkopo, kwa sababu kwenye vikoba salio hasi ndiyo habari yenyewe, na akaiondoa dari. Nilipolikagua, dola zote zilikuwa mahali pake. Kijana huyohuyo shuleni kwao zoezi la lahajedwali lilikuwa kuandika majina ya wanafunzi na alama zao, kutafuta wastani, basi. Zoezi si baya, lakini hakuna chochote ndani yake kinachomtaka afikirie sakafu, dari, au nusu hasi.

Ombi langu basi, Ndugu Mhariri. Ukurasa wenu wa teknolojia una nafasi kila wiki kwa simu mpya, na simu zenyewe bei zake tunazijua. Punguzeni robo ukurasa. Wekeni hapo fomula moja kila wiki pamoja na kazi inayofanya, na waombeni wasomaji walete zao: mfugaji wa kuku wa mayai, kocha wa timu ya mtaa anayepanga ratiba, fundi cherehani anayekata kitambaa, msimulizi mwingine kama yupo. Si jambo geni kwa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, lahajedwali likiwamo. Kazi ngumu ilikwisha kufanywa na watu wengine. Iliyobaki ni mifano. Na yule msomaji aliyelalamika, akipita Morogoro Jumamosi jioni, kuna nafasi moja mezani. Tunahitaji tabibu.

Jambo la mwisho ni kwa msanifu wenu wa kurasa. Kama barua hii itachapwa, ile fomula ndefu iachwe ilivyo, mabano matatu ya mwisho yakiwamo, na alama za dola zisiguswe. Akidhani ni fedha akazibadilisha kuwa shilingi, fisi watashinda.

Wenu,
Mhasibu na msimulizi,
Kihonda, Morogoro